Swali: Njia ya kando ya mfereji ni tambarare, kilomita 30 na watoto watatu inawezekana?

SWALI: Habari mwalimu. Mimi na mume wangu tunataka kuwatoa watoto kwa baiskeli, wako watatu, wa miaka 3, 7 na 11, tupite ile njia ya kando ya mfereji wa mashua. Tumeangalia ramani, hakuna mlima hata mmoja, kwa hiyo tumepanga kilomita 30 kwenda na kurudi siku moja. Tuko sawa? Na huyu mdogo nimuweke kwenye kiti cha nyuma au nikodi kile kitoroli cha kuvuta? Alafu tairi nijaze upepo kiasi gani?

JIBU: Habari nzuri dada, nimefurahi umeuliza kabla hamjatoka maana hiyo tambarare ndo inayowaponza wengi. Ni kweli njia hizi hazina milima, zilitengenezwa kwa ajili ya farasi waliokuwa wanavuta mashua kwa kamba, kwa hiyo zinafuata usawa wa maji. Lakini sasa kama hakuna mlima hakuna na mteremko, yaani hakuna pahala mtoto anaacha kukanyaga pedeli baiskeli ikateleza yenyewe akapumzisha miguu, anakanyaga mwanzo mwisho huku amekaa vilevile kwenye siti, na makalio yanaanza kuuma kabla hata miguu haijachoka. Kwa hiyo huyu wa miaka 7 kama hajazoea safari ndefu mi ningempangia kilomita 10 mpaka 15 jumla, kwenda na kurudi. Wa 11 anaweza zile 30, ila safari ya familia haipimwi kwa anayeweza.

Kitu cha pili, njia ya mfereji ni mstari, haizunguki ikakurudisha ulikoanzia. Kila kilomita mnayoenda ni deni la kurudi. Ndo maana mi napenda mfereji wenye stesheni za treni njiani, mnaenda upande mmoja tu mnarudi na treni. Mfano mzuri ni Kennet and Avon kule Uingereza, kipande cha Bath mpaka Bradford on Avon ni kama kilomita 15, stesheni zipo mwanzo na mwisho, na katikati kuna Freshford na Avoncliff, kwa hiyo mtoto akigoma njiani mna pa kutokea (ulizia tu mapema treni inabeba baiskeli ngapi, maana familia nzima na baiskeli zenu inaweza isiingie mara moja). Kama mfereji wenu hauna treni basi angalieni upepo asubuhi, mwanze kwa kwenda kinyume nao mkiwa na nguvu alafu uwasukume kurudi, na mgeuze kwa saa mliyokubaliana, msisubiri mtoto aseme amechoka kwa sababu akishasema ujue alichoka kitambo.

Ramani pia haikwambii njia imetandikwa nini. Canal du Midi kule Ufaransa kipande cha kutoka Toulouse ni lami kama kilomita 50, mtoto anaserereka vizuri kabisa, ukivuka hapo unaanza kukutana na vipande vya udongo na mizizi ya miti, na mfereji ni uleule! Kwa hiyo tafuta picha za karibuni za kipande chenu hasa, na uangalie matangazo ya wanaosimamia mfereji kama kuna sehemu imefungwa kwa matengenezo.

Sasa huyu mdogo. Kitoroli ni kizuri sana kwenye njia pana, mtoto analala humo, mizigo inaingia, ila ni kipana kuliko baiskeli yako, unaweza ukapita wewe salama gurudumu lake la upande wa maji likawa liko ukingoni kabisa na wewe huoni. Alafu njia nyingi zina vizuizi vya kuzuia pikipiki, kitoroli hakipiti, mnaanza kukifungua na kukinyanyua kila baada ya muda. Kwenye njia nyembamba mi nachagua kiti cha nyuma. Soma kibandiko cha uzito, viti vingi vya nyuma mwisho ni kilo 22, na mtoto apakiwe na yule kati yenu aliye imara zaidi kwenye baiskeli. Msimuache hata sekunde kwenye kiti baiskeli ikiwa imesimama kwa stendi, inaanguka hiyo, na pembeni ni maji.

Upepo wa tairi: ubavuni mwa tairi pameandikwa kiwango cha chini na cha juu, kwenye changarawe na udongo kaa karibu na cha chini. Tairi la upana wa milimita 40 kwa mtu mzima weka baa 3 hivi (baa ni kipimo cha upepo, utakiona kwenye pampu), la mtoto lenye upana wa milimita 50 baa 2 inatosha, ila la nyuma la anayempakia mdogo ongeza kidogo. Ukijaza likawa gumu kama jiwe linarukaruka na kuteleza. Na mbebe tyubu za akiba za kila saizi, watu wanabeba moja ya mtu mzima wanasahau kuwa gurudumu la inchi 20 la mtoto haliingii hiyo. Angalia na valvu, kama moja ni nene ya aina ya gari na nyingine ni nyembamba hakikisha pampu inashika zote mbili, maana pancha hazikosekani, fensi za miti ya miba kando ya njia zikikatwa miba inabaki njiani.

Mkiwa mnaendesha kando ya maji, mkubwa mmoja mbele, watoto katikati, mkubwa mwingine nyuma, watoto wakae upande wa mbali na maji. Chini ya madaraja ya zamani njia inakuwa nyembamba na huoni anayekuja, gonga kengele, teremkeni, sukumeni. Kwenye loki, yale malango ya kupandishia na kushushia mashua, hakuna kuendesha kabisa kwa watoto, kuta ni ndefu na zimesimama wima, mtu akidumbukia humo hapandi bila ngazi. Na wafundishe kabla hamjaondoka: baiskeli ikielekea majini, iache iende, wewe ruka upande wa nchi kavu. Mtoto asipoambiwa anang'ang'ania mpini.

Mwisho kagua breki za huyu wa 7. Aweze kufikisha vidole viwili kwenye breki bila kuachia mpini, kama hafiki kuna skrubu ndogo kwenye breki ya kuisogeza karibu. Kama baiskeli yake inafunga breki kwa kurudisha pedeli nyuma tu, kaza cheni vizuri, maana kwenye aina hiyo cheni ikitoka na breki imekwenda, na pembeni mwa maji mi nisingempeleka nayo bila kumuongezea breki ya mkono gurudumu la mbele.