Ludwig, Ludoviko, Louis: jina ni lilelile

Maswali ya majina ya ubatizo yamekuja mengi, manne yanagusa jina moja, nimeyaweka pamoja.

Babu yangu aliitwa Ludoviko, maana yake nini? (Songea)

Ludoviko ndo Ludwig ya Wajerumani iliyopitia Kilatini, Ludovicus, ikafika kwetu na mapadri. Zamani sana walitamka Hludwig, maneno mawili yameshikana: hlud ni kuvuma, na hapo Kiswahili kinatubeba vizuri sababu hlud nayo ilikuwa ya sauti na ya sifa, halafu wig ni vita. Kwa hiyo babu yako ni aliyevuma vitani. Sikukuu ya somo wake ni 25 Agosti, siku aliyofariki somo huyo, mfalme Louis wa 9 wa Ufaransa kule Tunis mwaka 1270.

Kwetu kuna Clovis na kuna Louis, wanahusiana? (Goma)

Ndiyo, hata Luigi na Luis humohumo. Clovis alikuwa mfalme wa Wafranki, watu wa kale wa jamii ya Kijerumani, akafa mwaka 511.

Ludwig aliyevuma kuliko wote ni nani?

Beethoven, yule mtunzi wa muziki, kwangu hana mpinzani. Alibatizwa Bonn tarehe 17 Desemba 1770 kwa jina la babu yake, mkuu wa wanamuziki wa ikulu palepale mjini. Na kuna kitu kinaniuma kila nikikikumbuka: mwaka mmoja kabla yake wazazi walipata mtoto, wakamwita Ludwig Maria, akaishi siku chache tu akafa, basi huyu aliyefuata wakampa Ludwig tena. Ndo huyo alokuja kuwa kiziwi na bado akamaliza Simfoni ya 9, ikapigwa Vienna mwaka 1824, inasimuliwa mwimbaji mmoja ilibidi amgeuze aone watu wanavyopiga makofi maana hakuyasikia.

Krapf wa huku kwetu naye si Ludwig? (Mombasa)

Naye ni Ludwig, Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani. Alifika Mombasa 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe Rosina na mtoto mchanga, homa iliwachukua. Hakuondoka, alibaki akiokota maneno ya Kiswahili mdomoni mwa watu, moja moja, na kamusi yake ikatoka 1882 yeye keshafariki mwaka mmoja nyuma. Kaburi la Rosina lipo Nyali, ukipita huko siku moja simama kidogo.