Mke wangu kapata chuo Morogoro kusomea udaktari wa mifugo, nimrudishe kwao?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mkulima wa tumbaku hapa Urambo, nina mke na watoto mapacha wa miaka sita. Mke wangu ana stashahada ya afya ya mifugo, alimaliza chuo cha mifugo Mabuki miaka mitatu iliyopita, anazunguka vijijini kuchoma ng'ombe sindano. Bila kunishirikisha kaomba vyuo, na SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wamemchukua kusoma udaktari wa mifugo, miaka mitano! Fomu ya mkopo kaka yake ndiye kaidhamini. Nimepiga hesabu, ni milioni 30, na deni litaniangukia mimi. Mama yangu mzazi yuko upande wake, anasema atakaa na watoto. Nahisi kalishwa kitu. Namba ya kuthibitisha iliingia kwenye simu ya nyumbani, nikaifuta ili tuongee kwanza kama mke na mume. Sasa haongei na mimi, na msimu ndio huo unaanza. Nimrudishe kwao? — Baba Kulwa*

Marahaba, Baba Kulwa. Pole kwa kununiwa, si jambo dogo mtu kulala na ukuta. Pole yangu imeishia hapo.

Umefuta ujumbe "ili tuongee kwanza". Mmeongea? Mtu anayetaka maongezi humpa mwenzake simu, akasema mama Kulwa, hii nini? Wewe ulifuta kwanza, ukategemea maongezi yaje baadaye, naye akiwa hana tena cha kuongelea. Nakuambia ulichofuta, maana sidhani kama unakijua. Mwombaji akichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, Tume ya Vyuo Vikuu inamtaka athibitishe kimoja tu, kwa namba hiyo, kabla dirisha halijafungwa. Asipothibitisha, nafasi inakwenda kwa mwingine. Kwa hiyo mkeo hakuokota bahati, aligombewa. Sasa fanya hivi leo hii, kabla hujamaliza kusoma: mwambie ukweli, mpe simu na bando, aingie kwenye akaunti yake ya maombi aombe namba upya. Ikishindikana apige ofisi ya udahili ya chuo. Dirisha likiwa limefungwa, itabidi asubiri awamu nyingine ya udahili, kama ipo, agombee nafasi zilizobaki, na hapo ujue umemgharimu nini.

Tuje kwenye sentensi uliyoichomeka mwishoni kama chumvi: "msimu ndio huo unaanza". Baba Kulwa, hasira yako ina kalenda. Vitalu vya miche viko tayari, kuhamishia shambani ni mvua za Novemba na Desemba, kisha kuvuna, kufunga majani kwenye fito na kukesha kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, moto usizime. Vyuo navyo hufunguliwa Oktoba, Novemba. Hujaniandikia kwamba utammisi mkeo. Umeniandikia kwamba utakosa mikono miwili bani. Hiyo ni shida ya kweli, nayo dawa yake ni kibarua.

Na hilo deni linalokutisha! Kila msimu unasaini chama cha msingi cha ushirika kuchukua mbolea na dawa kwa mkopo, na sidhani kama huwa unamwita Mama Kulwa aone karatasi. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ni wa mwanafunzi. Anaurejesha yeye, kwa kukatwa asilimia 15 ya mshahara wake akiajiriwa. Ng'ombe wako hawamo. Na uliyoyakuta kwenye fomu, kaka kudhamini, ni kwa sababu fomu inataka mdhamini mwenye kitambulisho cha taifa, muhuri wa serikali ya kijiji au mtaa, na sahihi ya hakimu au wakili. Alihitaji mtu wa kusaini bila kumfutia ujumbe.

Milioni 30 umezitoa kijiweni. Ada halisi imeandikwa kwenye maelekezo ya kujiunga, soma pale. Bodi haimlipii kila mtu kila kitu, inapanga kwa uhitaji, kwa hiyo subirini kuona amepangiwa kiasi gani kabla hujauza hata mbuzi. Fungu la chakula na malazi likitoka kamili ni shilingi 10,000 kwa siku, linakuja kwa awamu, wenyewe wanaliita boom. Tatizo la boom ni kuchelewa. Mwaka wa kwanza wengi huumbuka wiki za mwanzo kwa sababu walikwenda mikono mitupu wakiisubiri. Hapo ndipo pa mume: hela ya chakula ya mwezi mzima na nusu, pengo la ada ya muhula wa kwanza, bima ya afya ya mwanafunzi shilingi 50,400, koti jeupe la maabara, ovaroli, gambuti na vifaa vya kupasulia. Gambuti anunue zinazomtosha vizuri, atasimama ndani yake zizini siku nzima. Na achanjwe kichaa cha mbwa mapema, kabla hajaanza kushika mbwa wa watu.

Kinachoangusha maombi ya mkopo mara nyingi ni vitu vidogo. Cheti cha kuzaliwa ambacho hakijahakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Ukurasa wenye sahihi uliopakiwa bila muhuri. Majina! Hapa nakuuliza wewe: kitambulisho chake cha taifa kina jina la nani? Kama ulimng'ang'aniza aandikishe la kwako na cheti cha kidato cha nne kina la baba yake, kuna wakili wa kumuona kwa hati ya kubadili jina, na gharama ni yako. Kwa sifa nyingine yuko salama. Mwenye stashahada anaingia kwa GPA (wastani wa alama) kuanzia 3.0 na namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na mkopo una ukomo wa umri wa miaka 35. Tena asiwe na ajira rasmi. Kuzunguka na boksi la sindano si ajira ya mkataba, kwa hiyo usije ukajifanya mwema ukamtafutia kazi ya mkataba mwezi huu.

Utauliza, si tayari anatibu ng'ombe, aende kufuata nini? Kwa Sheria ya Veterinari ya 2003, mwenye stashahada ni mtaalamu msaidizi, anafanya kazi chini ya daktari. Ng'ombe akishikwa na ndigana kali anajua dawa. Ndama akikaa vibaya tumboni kwa mama yake na upasuaji ukatakiwa, anaanza kutafuta namba ya daktari, naye daktari yuko wilaya nyingine. Hiyo miaka mitano ndiyo inayomtoa hapo, na kwa Tanzania shahada hiyo ni SUA. Si ya mchezo. Anatomia ya mwaka wa kwanza inatoa sapu, mitihani ya marudio, kama mvua, na mkopo wa mwaka unaofuata unategemea matokeo. Akipigiwa simu kila usiku kuulizwa yuko na nani, atadisko, yaani ataondolewa chuo kwa kufeli, na hapo ndipo utakuwa na hasara ya kuhesabu.

Mama yako hajalishwa kitu. Ng'ombe haelemewi na nunduye, Kulwa na Doto ni wajukuu zake, na ameona kitu ambacho wewe hutaki kukiona: nani analeta pesa ya daftari tumbaku ikichelewa kulipwa.

Kosa la mkeo lipo, kukuficha. Nitamwambia akiniandikia. Ila ndoa za siku hizi mna ugonjwa mmoja. Mwanamume anataka mke mwenye kisomo cha kutosha kuongeza kipato na kisichotosha kumuuliza maswali. Mahari mnataja ng'ombe kwa rangi na umri, lakini hamuulizani, ukitaka kuendelea na shule itakuwaje? Mnaulizana baada ya mapacha, kwa kufutiana ujumbe.

Kumrudisha kwao? Kwao ndiko aliko huyo kaka aliyesaini. Watampokea, na nauli ya Morogoro watampa. Apande basi hadi Dodoma, kisha treni ya umeme hadi Morogoro. Wewe utabaki na bani.

Simu iko wapi?