Sala zangu zimekuwa za mazoea: je, nimekuwa vuguvugu?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Mlutheri, mama wa watoto watatu, na ninauza chai na chapati stendi, kazi inayoniamsha saa kumi alfajiri. Kwenye mkesha ninawaona wenzangu wakiomba kwa machozi na kwa sauti kubwa mpaka kunapambazuka, lakini mimi nikiwa nyumbani husema maneno yale yale kila usiku, huku mawazo yakikimbilia unga, karo na wateja walionikopa, na mara nyingi usingizi hunichukua kabla ya amina. Mwaka jana nilimwahidi Mungu kwamba nitaomba saa nzima kila siku. Nilishindwa kabla mwezi haujaisha, na tangu hapo ninaona haya hata kupiga magoti. Je, mimi ndiye yule vuguvugu anayesemwa katika Ufunuo? Nifunge?
Mama wa watoto watatu, Moshi

JIBU: Amina, mama. Tuanze na hilo la Ufunuo, maana limekutisha bila sababu. Kanisa la Laodikia, ndilo lililoitwa vuguvugu, lilikemewa kwa sababu lilijiona tajiri, lisilo na haja ya kitu chochote, ilhali wewe umeandika barua nzima kueleza unachopungukiwa. Anayeulizia sala yake kwa uchungu namna hii hayumo katika kundi hilo.

Maneno yale yale nayo si dhambi. Bwana wetu alikataza kupayuka-payuka kwa kudhani kwamba wingi wa maneno ndio unaosikiwa, lakini katika bustani ya Gethsemane Mathayo anatuambia kwamba yeye mwenyewe aliomba mara ya tatu akisema maneno yale yale. Kuhusu sauti, mkumbuke Hana, mama yake Samweli, ambaye midomo yake ilitikisika tu, hata kuhani Eli akamdhania amelewa. Naye ndiye aliyejibiwa. Sisemi haya kuidharau mikesha, ambayo imewainua wengi, ingawa ninakiri kwamba baadhi ya sharika zetu zimeanza kuupima moto wa Roho kwa ukubwa wa spika.

Shida yako, kwa jinsi ninavyoiona, ni kwamba sala umeiachia saa ambayo mwili umekwisha kufanya kazi zote, kisha unaidai iwe na bidii. Mwaka 1535 Martin Luther, ambaye sisi Walutheri tunaitwa kwa jina lake, alimwandikia Peter, kinyozi wake wa mji wa Wittenberg, Ujerumani, aliyemwomba amfundishe kusali, na shauri lake la kwanza lilikuwa kwamba sala iwe kazi ya kwanza asubuhi na ya mwisho usiku, na kwamba ajihadhari na yale mawazo yanayosema, “Ngoja kidogo, nimalize kwanza hili na lile.” Akamkumbusha pia kwamba kinyozi mzuri huukazia wembe macho na akili, kwa kuwa akipiga soga huku akitazama kwingine anaweza kumkata mteja pua. Kwa hiyo sikushauri uombe huku ukikanda unga. Lakini donge likishakandwa huachwa litulie kabla ya kusukumwa, na muda huo, watoto wakiwa bado wamelala, ni wako. Kaa chini, simu iwe mbali.

Sasa, useme nini? Luther alimfundisha Peter kuichukua Sala ya Bwana ombi moja moja, na kulijaza kila ombi kwa mambo ya maisha yake mwenyewe. Tena alieleza kwamba mara nyingi yeye hukwama katika ombi moja lenye utajiri mwingi, akayaacha mengine yote, kwa sababu hapo Roho mwenyewe anafundisha. Hapo ndipo ninapotaka ukae, maana yale unayoyaita mawazo yanayokutoroka ndiyo hasa mambo ya kuombea. Ukifika kwenye “Utupe leo riziki yetu,” taja bei ya unga, taja karo ya mtoto na tarehe inayodaiwa. Ukifika kwenye “Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu,” hutavuka kirahisi, kwa kuwa una daftari la wakopaji, na huenda yumo mmoja ambaye umekuwa ukimnunia kila akipita stendi. Mtaje kwa jina mbele za Mungu. Sikwambii umfutie deni, hilo utaliamua mwenyewe ukiwa umekwisha kumwombea; ninakwambia tu kwamba asubuhi hiyo, hata usipofika ombi linalofuata, utakuwa umesali kwa bidii kuliko usiku mwingi uliopita.

Siku ambayo moyo ni mkavu kabisa, soma zaburi moja kwa sauti ndogo. Zaburi ya 13 ina aya sita tu, nayo inaanza kwa kumuuliza Mungu hata lini atamsahau mwombaji, maneno ambayo wengi wetu tungeogopa kuyatamka kanisani.

Usiku, punguza. Katika Katekisimo Ndogo, kitabu chake kifupi cha mafundisho ya imani cha mwaka 1529, Luther aliweka sala fupi ya jioni, na baada yake akaagiza mtu alale mara moja kwa furaha. Sala hiyo ikutoshe, uisome ukiwa umeketi kabla hujapanda kitandani.

Kufunga kuache kwanza. Mtu anayesimama mbele ya jiko la mkaa tangu alfajiri, tena anayetaka kufunga kama adhabu ya kushindwa, atapata kichwa kuuma na haya zaidi.

Imebaki ile ahadi. Kitabu cha Mhubiri kinasema ni afadhali kutoweka nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe, kwa hiyo si jambo la kupuuza, lakini pia halitibiwi kwa kumkwepa uliyemwahidi. Mwambie Mungu waziwazi kwamba uliahidi usichokiweza, omba msamaha, na ikiwa moyo bado unakusuta, nenda kwa mchungaji wa usharika wako, uungame mbele yake na usikie ondoleo la dhambi kwa masikio yako. Usiweke nadhiri nyingine badala yake. Anza kesho na dakika zile za kusubiri donge litulie, bila kuahidi kitu.