Pedali ilipozama tukishuka kutoka Lushoto

Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita thelathini na kitu, na sehemu kubwa ni mteremko wa kona juu ya kona, jabali huku, korongo kule. Nilikuwa na Corolla ya otomatiki, abiria wanne, buti limejaa viazi na kabichi. Gia D, ya mwendo wa kawaida, mwanzo mwisho, mguu hautoki kwenye breki.

Tulipoipita Soni, baba mdogo aliyekaa mbele akauliza, "Mwanangu, mbona kama kuna kitu kinaungua?" Nikamjibu ni lori lililo mbele. Hakukuwa na lori.

Kona mbili baadaye nikakanyaga, pedali ikazama mpaka chini, laini kama andazi lililolowa chai.

Nilipampu harakaharaka, mara ya nne ikashika kidogo. Nikatupa gia kwenye 2, gia ya chini. Injini ikalia hadi waliokaa nyuma wakapiga kelele, lakini gari likaanza kujivuta. Acha ilie. Mwendo ulipopungua nikaweka L, ya chini kabisa. Kama gari lako ni la manyuo, shusha gia moja moja. Ukitoka ya tano kurukia ya kwanza inaweza kugoma kuingia, ukabaki fri, bila gia, kwenye mteremko, na hapo ndipo wengi wanapopotelea. Injini usizime: usukani unakuwa mzito, na ukichomoa ufunguo unajifunga kabisa.

Kisha handbreki. Hii ina waya wake, haitegemei mafuta ya breki, ndiyo maana bado ilikuwa hai. Bana kitufe kwa kidole gumba, usikiachie, uvute kidogo kidogo. Ukiivuta yote kwa mpigo, tairi za nyuma zinajifunga na gari linazunguka. Honi na taa za hazadi nilimwachia baba mdogo, mikono yangu ilikuwa na kazi.

Nikaliegemeza gari kwenye kingo ya udongo upande wa mlima, likakwaruza, likasimama. Saiti mira ya kushoto ilibaki pale.

Magurudumu ya mbele yalikuwa yanatoa moshi. Mtu akaleta ndoo ya maji, nikamkatalia, maana disiki ya moto ikimwagiwa maji inaweza kupasuka. Tukasubiri karibu saa nzima. Nikakanyaga tena: pedali ngumu, kama hakuna kilichotokea! Shangazi akasema ni shetani wa barabara. Nami nilishawishika kuwasha tuondoke, ila baba mdogo alishashuka na hakutaka kurudi ndani. Fundi akafuatwa Mombo kwa bodaboda.

Alifungua kikopo cha mafuta ya breki, akachovya kidole. Meusi kama kahawa. "Kaka, haya umebadilisha lini?" Tangu ninunue gari, miaka mitano, sikuwahi. Akanieleza kwamba mafuta haya hunyonya unyevu. Ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi hivi, yakishaingia maji hushuka hadi kama 140. Yakichemka kwa joto la breki yanatoa mvuke, na ukikanyaga unaminya mvuke tu. Yakipoa, pedali inarudi. Kwa hiyo shetani alikuwa mguu wangu, pamoja na chupa ambayo ningeinunua kila baada ya miaka miwili.

Siku hizi naweka 2 kuanzia Lushoto penyewe. Kosta zinanipigia honi, nazipisha. Baba mdogo bado anakaa mbele, kioo wazi, ananusa.