Pikapu ya zamani: injini inashuka mzunguko na taa ya chaji inawaka

Ndugu, umesema ukisimama injini inashuka hadi mizunguko 500 hivi kwa dakika, taa za mbele zinafifia na taa ya chaji inawaka, ila ukikanyaga mafuta kila kitu kinarudi sawa. Usikimbilie kununua alteneta (kile kifaa kinachozungushwa na injini kuchaji betri). Kwa mzunguko huo alteneta haizunguki vya kutosha, kwa hiyo huenda ni mzima kabisa.

Chukua mita ya volti. Betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma kama 12.6. Washa, panda hadi mizunguko 1,500 na upime kwenye betri: ukipata kati ya 13.8 na 14.5, chaji iko sawa na ugonjwa ni mzunguko mdogo. Ikibaki 12 na ushee, angalia mkanda uliolegea, vichwa vya betri vyenye kutu, na hasa waya wa ethi (wa kurudishia umeme) kati ya injini na bodi. Huo waya umenisumbua wiki mbili nzima, na ulionekana safi kwa nje! Vikiwa sawa vyote, ndipo uishuku alteneta.

Na tafadhali, usichomoe betri injini ikinguruma eti kujaribu alteneta. Volti zinaweza kuruka na kuunguza vifaa.

Kwa mzunguko wenyewe, kama ni kabureta (kifaa kinachochanganya mafuta na hewa), safisha njia ya mafuta ya mzunguko mdogo na kagua mipira ya hewa iliyopasuka kabla ya kugusa skrubu ya kurekebisha mzunguko. Kama injini ni ya sindano (mafuta hupulizwa na injekta), safisha throto, yaani mlango wa hewa ya injini, na vali yake ya hewa.