Diski za Amiga za zamani: tulinakiliana au tuliibiana?

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Mimi mtu wa Unguja, nimekulia Uingereza. Mwaka 1989 nilikuwa na kompyuta ya Amiga 500, na klabuni tukinakiliana diski za programu za Fred Fish. Wasiokuwa wanachama nikiwatoza pauni moja kwa diski. Baadhi ya waandishi waliomba watumiwe dola chache, sikutuma. Juzi nimelikuta boksi zima darini. Kijana wangu ananiambia nilitupe, ni mali ya wizi. Mimi natamani kuziweka kwenye intaneti. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh.

Boksi usilitupe. Fred Fish, Mmarekani, alianza mwaka 1986 kukusanya programu ambazo wenyewe waliruhusu zisambazwe, na diski zake zikapindukia 1,000. Mwenye mali akikwambia "chukua, na mwenzako mpe", wizi unaingilia wapi? Kijana ana uchungu wa dini, Allah amzidishie, lakini asiharamishe alichokiruhusu mwenyewe.

Pauni moja uliuza nini? Mashine yenye kumbukumbu ya kilobaiti (KB) 512 haiwezi kubeba diski ya KB 880 kwa mkupuo mmoja. Mwenye kiendeshi kimoja cha diski akinakili, hutia ya asili, akachomoa, akatia tupu, akarudia tena, na usiku unakwenda. Ukichukua bei ya diski, stempu na ujira wa kazi hiyo, hapana ubaya. Ila kama mwandishi alisema isiuzwe kwa faida, hapo pana neno, kwani Mtume (s.a.w.) amesema Waislamu wako juu ya masharti yao.

Basi zifungue moja moja. Ndani, pembeni ya programu, aghalabu utakuta faili dogo la maandishi. Lisome kama unavyosoma wasia, maana hiyo ndiyo kauli ya mwenye mali. Andrew Fluegelman, alipotoa programu yake ya PC-Talk mwaka 1982, aliruhusu watu wainakili, na aliyependezwa amtumie dola 25. Maneno ya namna hiyo ni ombi: ukitoa umefanya ihsani, usipotoa hudaiwi. Lakini akiandika "jaribu siku 30, ukiendelea kuitumia lipa", nawe ukaendelea, hilo kwangu ni deni. Mtafute yeye au warithi wake. Ukikata tamaa ya kuwapata, fedha hiyo itoe sadaka kwa niaba ya mwenyewe.

Wako maulamaa, hasa baadhi ya Mahanafi wa Bara Hindi, wasioihesabu haki ya mtunzi kuwa mali. Mimi nashika uamuzi wa Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la wanazuoni, uliotolewa Kuwait, Desemba 1988, kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa kisheria na haijuzu kuzivamia.

Nami hilo boksi silidhanii kuwa na Fred Fish peke yake. Sisi huku tulinakiliana kanda enzi hizo hizo, najua mambo yanavyochanganyika. Ukikuta michezo ya dukani iliyovunjwa kufuli ya kuzuia kunakiliwa, hiyo usiisambaze, hata kama kampuni imekufa: haki huuzwa na hurithiwa. Omba maghfira kwa yaliyopita.

Zilizoruhusiwa ziweke kwenye intaneti, kila programu na faili lake la maelezo, na jina la mwandishi usilifute.

Wallahu aalam.