Muulize Fundi: Mbao za sakafu zimeachana, zinarudije?

SWALI: Sebuleni kwangu kuna sakafu ya lamineti, zile mbao zinazoshikana zenyewe kwa kufuli. Katikati ya chumba mbao mbili zimeachana kichwa kwa kichwa, uwazi unaingiza sarafu. Fundi aliyekuja alitaka kupenyeza bisibisi kwenye uwazi ili asukume, nikamkatalia. Kuna kifaa cha kuurudisha ubao bila kuuharibu?
*Mama wa watatu, Njiro, Arusha*

JIBU: Mama, ulifanya vyema kumzuia. Lamineti ndani yake ni unga wa mbao ulioshindiliwa, na juu kuna karatasi yenye picha ya mbao na ngozi ngumu ya kuilinda. Ukingo ukishabanduka hakuna randa wala msasa utakaourudisha. Kwa hiyo kifaa chochote utakachotumia kishike mgongo wa ubao, kisiguse ukingo kabisa. Hilo kwangu halina mjadala, na ukilishika mengine yote ni ya kupanga tu.

Wengi huvaa raba, wakaukanyaga ubao na kuusukuma kwa mguu. Pengine utasogea. Lakini uzito ule ule unaokupa mshiko juu ndio unaoukandamiza ubao kwenye sponji lililo chini yake, ndiyo maana unasukuma mpaka jasho linakutoka na ubao uko pale pale. Tunachotaka ni mshiko usiohitaji uzito.

Tengeneza hivi. Tafuta kipande cha mbao ngumu, mninga au mkaratusi uliokauka, urefu sentimita 25, upana 12, unene 4. Piga randa upande wa chini mpaka ulale sawasawa bila kuchezacheza. Bandika hapo utepe wa gundi wa pande mbili, ule mpana wa kubandikia kapeti, ufunike chini yote. Ubao wa sakafu uufute kwanza kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, maana ukiwa na nta au mabaki ya sabuni utepe hautashika. Kandamiza kipande chako kwa magoti kwa dakika chache, halafu kigonge kichwani kwa nyundo ya mpira, kuelekea kwenye uwazi.

Unene wa sentimita 4 nimeutaja kwa makusudi. Mafundi wengine huchukua gogo refu kwenda juu ili wapate mahali pazuri pa kupiga. Pigo likitua juu, gogo linataka kupinduka: mbele linakandamiza, nyuma linainuka, na utepe unaanza kubanduka kutokea mkiani. Pigo la chini, karibu na sakafu, nguvu yake yote inakwenda mbele. Tandika kipande cha boksi chini ya njia ya nyundo ili isikwaruze. Gonga kidogo kidogo, kila baada ya pigo angalia uwazi. Mikono ya haraka ndiyo inayovunja kufuli za ubavuni.

Kabla ya pigo la kwanza, safisha uwazi. Vumbi la Njiro unalijua mwenyewe, likichanganyika na mchanga wa viatu linakaa humo ndani, na ukilazimisha ubao juu yake unasaga ukingo uleule tunaoulinda. Mswaki mkavu na kadi ya plastiki vinatosha, kisha pitisha mashine ya kunyonya vumbi kama unayo. Weka tone la gundi nyeupe ya mbao kwenye ulimi wa kichwa hicho, yaani ile sehemu nyembamba inayoingia kwenye mfereji wa ubao wa pili, funga, futa kinachotoka kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kubandua kifaa, usikivute juu kwa nguvu. Kizungushe polepole huku ukipuliza utepe kwa draya ya nywele.

Kuna pia kishikio cha mpira cha kunyonya, kile mafundi wa aluminiamu wanachobebea vioo. Kwenye lamineti laini kinafaa sana. Kwenye yenye mikunjo ya kuiga nyuzi za mbao hewa inapenya na kinaachia. Halafu mshiko wake unategemea uzito wa hewa, na Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa yake inakandamiza pungufu kwa asilimia kama 15 kuliko ya Tanga. Kile alichokusifia ndugu yako wa pwani kwako kitakuwa kilegevu kidogo.

Ukifunga uwazi huu, utafunguka mwingine nyuma ya ubao uliousogeza. Ni kawaida. Fuata mstari, ubao baada ya ubao, kuelekea ukuta ulio karibu, mpaka uwazi ujifiche chini ya sketingi, ule ubao mwembamba unaozunguka chini ya ukuta. Kwa ubao wa mwisho pale ukutani nyundo haina nafasi, na sketingi utaitoa kwanza. Mwambie fundi chuma yeyote wa Unga Limited akukunjie chuma bapa cha unene wa milimita 3, urefu sentimita 40: mdomo mmoja ushuke nyuma ya ubao, mwingine unyanyuke upande wa pili uugonge ukiuvutia kwako. Mdomo wa kushuka usizidi unene wa ubao. Kwa lamineti ya milimita 8, fanya 6. Apige tupa pembe zote, nawe ubandike kipande cha tyubu la gari upande wa chini.

Ukiwa hapo ukutani, angalia kama sketingi ilipigiliwa misumari kupitia lamineti, au kama kuna kabati zito limekalia mwisho wa mstari. Sakafu hii inatakiwa kuelea, na milimita 8 hadi 10 za nafasi kila ukuta. Ikibanwa upande mmoja, itaachana tena hata ukiifunga vizuri namna gani.

SWALI: Nyumba yetu ni ya zamani, sakafu ni mbao za kupigilia, za ulimi na mfereji. Kila Februari zinaachana ubavuni. Nina jeki ya gari, naweza kuegemeza ukutani nizisukume?
*Mstaafu, Shanty Town, Moshi*

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Jeki naomba uiache kwenye gari. Ina nguvu ya tani na haikupi dalili yoyote mkononi mpaka ulimi umevunjika au plasta imepasuka.

Mbao hukauka na kusinyaa kwa upana, kwa urefu karibu hazibadiliki. Pima nyufa sasa, andika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi, upime tena mwishoni mwa Mei baada ya masika. Zikijifunga zenyewe, ziache. Ukizibana Februari, mvua zikija hazitakuwa na pa kutanukia, zitainuka katikati.

Kama kuna ubao mmoja uliohama kwa sababu misumari imeoza, fungua kutokea ukutani mpaka uufikie. Uupange upya, kisha pigilia kwa muda kipande cha mbao juu ya boriti, mbele yake, ukiacha nafasi ya kabari mbili zinazotazamana. Chonga kabari za urefu wa sentimita 24, unene ukianzia 3 na kuishia sifuri: ukiigonga moja ikaingia sentimita 8, ubao umesogea sentimita 1. Zikitazamana, nyuso za nje zinabaki sambamba na ukingo unasukumwa sawasawa. Kati ya kabari na ulimi weka kipande cha ubao uleule chenye mfereji, kiubebe ulimi bila kuuponda.

SWALI: Kifaa cha utepe kinafaa kwa zile mbao za plastiki ngumu za kufuli?
*Fundi kijana, Pasua, Moshi*

JIBU: Kinafaa, na utepe unashika vizuri zaidi. Ila kufuli zake ni nyembamba, tumia nyundo nyepesi. Na gundi nyeupe ya mbao usiiweke, haishiki plastiki.